Farasi Mia Tatu Hunywa Nini?

Jumamosi jioni, simama kando ya barabara yoyote kubwa ya Nairobi, na kabla hujayaona utayasikia. Ni magari ya Kijapani, Subaru Impreza, Forester na Legacy kwa wingi, yenye eksosi pana kama mdomo wa sufuria. Yananguruma kama radi ya mbali, na dereva anapoinua mguu ili abadilishe gia, husikika mpumuo mkali mfano wa nyoka aliyekanyagwa mkia. Watoto hushangilia. Wazee hutikisa vichwa na kusema kwamba vijana wa siku hizi wamepotea.

Mimi ni miongoni mwa wale wanaogeuka kutazama. Sioni aibu kusema kwamba mlio huo hunifurahisha. Lakini kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiwauliza wenye magari hayo swali moja tu: hao farasi unaojivunia, wanakunywa nini? Wengi hunijibu kuhusu tabo, eksosi na rimu. Wachache mno hunitajia pampu ya petroli. Na hapo ndipo penye kisa chenyewe, ndugu msomaji. Injini nyingi zinazokufa mikononi mwa vijana wetu haziuawi na mbio. Zinauawa na kiu.

MAPENZI YA TANGU ZAMANI

Isidhaniwe kwamba mapenzi haya yalikuja juzi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi Pasaka katika nchi hii ilikuwa ni Pasaka ya magari. Watu wazima leo wanakumbuka Joginder Singh alivyoshinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wanakumbuka Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ya mwaka 1973. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo, na toka hapo neno hilo likaingia katika mazungumzo ya kila kijiji ambako magari yalipita.

Subaru nayo ina mizizi yake hapa. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliifikisha mwisho wa Safari ile Subaru Vivio, gari dogo ambalo wengi waliliona kama la kwendea sokoni. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha. Kijana aliyezaliwa wakati McRae akishinda leo ni mtu mzima mwenye mshahara. Haishangazi kwamba mara tu apatapo mkopo wa chama cha ushirika, gari la kwanza analolitafuta ni lile lenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti.

Lakini yale magari ya mashindano yalikuja na mainjinia ambao kazi yao ilikuwa kupima kila tone la petroli. Sisi tuliokuwa kando ya barabara tuliuona mwendo, vumbi na mlio. Mabomba hatukuyaona. Basi tukaiga tulichokiona.

MIVUKUTO BILA MAKAA

Nguvu ya injini hutokana na petroli inayochomwa, na petroli haichomeki bila hewa. Kazi ya tabo ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Ni kama mivukuto ya mhunzi. Ukivukuta zaidi bila kuongeza makaa, mhunzi atakuambia hujafanya kazi. Katika injini huo ni mwanzo tu wa balaa.

Kwa kawaida kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Injini yenye tabo inapokamuliwa, mafundi huipunguzia hewa hadi kilo 11 au 12 kwa kila kilo ya petroli. Yaani huipa petroli zaidi ya ile inayoweza kuungua. Kwa nini wafanye israfu hiyo? Kwa sababu petroli ile ya ziada, inapogeuka kuwa mvuke, huchukua joto na kuipoza silinda. Injini ikikosa hicho kinywaji cha ziada, joto hupanda, na sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe mahali pasipo pake na wakati usio wake. Mafundi huita hali hiyo kugonga. Ukiwa na bahati utaisikia, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya mkebe. Ukiwa huna bahati, mlio wa eksosi utakuziba masikio, nawe utapata habari pistoni ikiisha kutoboka.

HESABU JUU YA KATONI

Nilimwendea fundi mmoja katika ua ulio nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wa mji hadi leo huiita Grogan. Ni mtu mpole, mwenye mikono myeusi kwa oili, na ameshafungua injini nyingi za aina hii. Nilipomwuliza ni nini kinachohitajika ili gari la lita mbili litoe nguvu za farasi 300 kwa petroli ya kituoni, hakunionyesha tabo. Alirarua kipande cha katoni, akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Farasi mmoja katika injini ya tabo, alisema, hutumia kama gramu 270 za petroli kwa saa anapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Farasi 300 basi wanahitaji kilo 81 kwa saa, ambazo ni karibu lita 110. Gawanya kwa dakika 60, unapata lita 1.8 kila dakika. Silinda ni nne, na kila moja ina injekta yake. Kwa hiyo kila injekta lazima imwage sentimita za ujazo 460 kwa dakika.

Nilidhani amemaliza. Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyefunga daftari mapema. Injekta, aliendelea, ni mlango unaofunguka na kufungika. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata nafasi ya kunyweshwa mara moja katika sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Mlango ukikaa wazi muda huo wote, hakuna tena kufunga, na kompyuta ya injini haina pa kuongezea. Mafundi waangalifu hawapendi uwe wazi zaidi ya asilimia 80. Gawanya 460 kwa hesabu hiyo, na injekta inayotakiwa inakuwa ya sentimita za ujazo 575. Injekta nne za 440, kwa kipimo hichohicho, zinatosha farasi 230 tu. Anayezitumia kwa farasi 300 anakopa kwa injini yake, na deni hilo lina siku ya kulipwa.

Kisha tukaja kwenye pampu. Wengi hudhani kwamba pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa itatoa lita 255 siku zote. Sivyo. Kiasi hicho ni cha presha fulani, na presha ikipanda, kiasi hushuka. Katika magari mengi petroli hufika kwenye injekta ikiwa na presha ya ratili 43 hivi kwa kila inchi ya mraba. Lakini tabo ikisukuma ratili 17 za hewa, hewa hiyo huirudisha petroli nyuma kwenye mdomo wa injekta. Kwa hiyo kidhibiti cha presha lazima kipandishe petroli hadi ratili 60 ili mmwago ubaki uleule. Ndiyo kusema kwamba pampu hutakiwa kutoa petroli nyingi zaidi wakati uleule inaposukuma mzigo mzito zaidi.

Halafu kuna waya. Hili lilinifungua macho. Pampu ni mota ya umeme, na umeme ukipungua nayo huzunguka polepole. Katika gari lenye umri wa miaka kumi na tano, waya mwembamba unaotoka mbele hadi kwenye tangi hupoteza umeme njiani. Fundi alisema amewahi kuona watu wakinunua pampu kubwa na kuifunga kwenye waya wa zamani, kisha wakamlaumu aliyewauzia. Dawa yake ni waya mnene kutoka kwenye betri, rilei na fyuzi ya kipimo chake.

Kuna chujio, ambalo watu hulisahau hadi linapoziba. Kuna mipira. Mpira wa gari la kabureta umezoea presha ya ratili 5 hivi. Ukiuweka mahali penye ratili 60 umejitengenezea moto chini ya boneti, na moto wa petroli hausubiri mtu afungue mkanda. Hata ule mpira mfupi ulio ndani ya tangi, unaozama katika petroli mchana na usiku, lazima uwe wa aina iliyotengenezwa kuzama.

Na kuna tabia yetu sisi wenyewe, ile ya kuweka petroli ya shilingi mia tano na kuendesha taa ya onyo ikiwaka kama taa ya Krismasi. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikauka, pampu huchemka. Tena kwenye kona petroli chache hukimbilia upande mmoja na pampu huvuta hewa. Sekunde moja ya hewa, tabo ikiwa imejaa, inatosha kuharibu kazi ya mwaka.

NAMBA MOJA, MAANA MBILI

Sasa tuseme mabomba yote yako sawa. Linabaki swali la petroli yenyewe. Okteni ni kipimo cha uvumilivu: petroli ya okteni ya juu huvumilia kukandamizwa na joto bila kulipuka kabla ya wakati. Haina nguvu za uchawi. Ukiiweka katika gari la kawaida lisiloihitaji, umeitupa pesa yako.

Hapa ndipo vijana wetu wengi hupotea njia. Husoma maelezo ya Wamarekani kwamba kwa petroli ya kituoni ya 93 injini fulani hutoa farasi kadha wa kadha, kisha husikia kwamba petroli yetu ya super nayo ni 93, wakafurahi. Lakini Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Sisi, kama Ulaya na Japani, hutaja RON peke yake, ambayo ni namba kubwa zaidi. Ile 93 ya Marekani ni sawa na RON 97 au 98. Na RON 93, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kiwango cha chini cha super nchini Kenya, kwa hesabu ya Marekani ni 88 hivi tu. Namba ni moja, lakini maana ni mbili, na katikati ya maana hizo injini nyingi zimezikwa.

Linganisha pia na kule magari yalikotoka. Sheria ya Japani hutaka petroli yao bora isipungue RON 96, na vituo vingi huuza iliyo karibu na 100. Gari lililotengenezwa kwa kinywaji hicho linaposhuka meli Mombasa, kompyuta yake husikia injini ikigonga na kuchelewesha cheche ili kujiokoa. Ndiyo maana lisipoguswa huishi. Mtu akilipandisha tabo bila kulirekebishia petroli na cheche, hana budi kujua kwamba ameila ile akiba ya usalama iliyobaki.

Tena sote tunajua kwamba kuna wafanyabiashara waliokuwa wakitia mafuta ya taa ndani ya petroli. Uovu huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida yake iondoke. Mafuta ya taa yana okteni duni sana. Gari la kawaida likinywa mchanganyiko huo hukohoa na kutoa moshi. Gari la tabo iliyopandishwa huenda lisipate nafasi ya kukohoa.

Je, zile chupa ndogo zinazouzwa kuongeza okteni? Soma maandishi vizuri. Mara nyingi zinapoahidi pointi 5, pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni, basi zote tano ni nusu ya okteni. Wengine hunong'ona kuhusu petroli ya ndege. Ile ya kawaida ya ndege ndogo bado ina risasi, ambayo tuliiondoa katika petroli ya magari kufikia mwaka 2006, na risasi huua kile kifaa cha kwenye eksosi kinachoiambia kompyuta kama mchanganyiko ni mzuri au mbaya. Unamlipa mlinzi, kisha unamtoboa macho.

NAIROBI HUFICHA, MOMBASA HUFICHUA

Nina jirani, kijana mwenye adabu, ambaye alinunua Forester yenye tabo kwa mkopo. Gereji moja ilimwekea eksosi pana na kupandisha tabo hadi ratili 15. Pampu, injekta na waya vikabaki vilevile vilivyotoka Japani. Mtaani alisifiwa, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miezi minane gari lilimtii.

Mwezi wa Desemba akampakia mama yake ampeleke Voi kwa ndugu zao. Walipoipita Mtito Andei, barabara ikiwa nyeupe na jua limewaka, akayapita malori matatu kwa mkupuo mmoja. Gari likapoteza nguvu, moshi wa buluu ukajaa nyuma. Mama alikaa chini ya mgunga hadi saa mbili usiku wakingoja gari la kuvuta. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imemeguka ukingo. Ametafuta injini nyingine ya ex-Japan, lakini mkopo wa gari bado anaulipa, na sasa analipa wa injini pia.

Kwa nini miezi minane Nairobi isimdhuru, kisha nusu siku ya safari immalize? Jibu liko katika hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya ratili 12 hivi. Mombasa ni 14.7. Tabo ikiongeza ratili 15, Nairobi injini hupata jumla ya 27, na pwani karibu 30. Hiyo ni ziada ya asilimia kumi ya hewa, nayo hudai asilimia kumi ya petroli zaidi, na joto la huko chini huzidisha hatari ya kugonga. Injekta iliyokuwa wazi asilimia 90 Nairobi sasa hudaiwa 99. Yule kijana hakuwa hata amefika baharini, lakini kila kilomita aliyoshuka ilimdai zaidi, na tangi lake halikuwa na cha kujibu.

MPANGILIO WA MATUMIZI

Je, tuwaambie vijana waache? Mimi sisemi hivyo. Ufundi huu ni elimu, na nimeona katika nyua zile za Kirinyaga vijana ambao hawakumaliza shule wakipiga hesabu za mmwago na presha kwa usahihi wa kustaajabisha. Ninachosema ni kwamba pesa zitumike kwa mpangilio wake.

Kwanza injini ipimwe kama ni nzima, kwa maana mgonjwa hapewi mzigo. Pili, pampu halisi, siyo ile bandia inayofanana nayo kwa rangi na maandishi, pamoja na waya mnene na chujio jipya. Tatu, injekta zenye akiba, na kidhibiti cha presha kinachofuata tabo. Nne, geji ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, ili dereva aone badala ya kubahatisha. Tano, kompyuta ipangwe upya na fundi anayejua kazi, kwa petroli ileile ambayo gari litainywa kila siku, huku akiacha nafasi kwa ajili ya pwani. Baada ya hayo yote ndipo tabo iguswe. Na petroli ikisema basi, iwe basi. Farasi 280 wanaofika Mombasa na kurudi ni wengi kuliko 350 wanaolala Mtito Andei.

Nilipokuwa nikiondoka kwa yule fundi, aliingia kijana akiwa amekumbatia tabo kubwa inayong'aa, imefungwa kwa nailoni. Akauliza itafungwa siku ngapi. Fundi alimsalimia, akampa kiti, kisha akamwomba ufunguo. Alikuwa anataka kwanza kufungua tangi.